Umri wa Kumiliki Bunduki: Somo kutoka Afrika Kusini



Katika somo la robo hii tunajiuliza: mtu awe na umri gani ndipo aruhusiwe kumiliki bunduki? Tumeichagua Afrika Kusini, ambako watu wa Kanisa walikuwa mstari wa mbele kudai mabadiliko. Askofu Peter Storey wa Kanisa la Methodisti alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa harakati ya Gun Free South Africa.

Chini ya sheria ya mwaka 1969, kijana wa miaka 16 aliweza kupewa leseni. Sheria mpya ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2004, ilipandisha umri hadi miaka 21. Aliye chini ya hapo hukubaliwa tu kwa sababu nzito, kama vile kazi yake. Hata mwenye miaka 21 hapewi hivi hivi: hufanya mtihani wa sheria na wa matumizi salama, na huchunguzwa kama ana mwelekeo wa ukatili au ni mtumwa wa pombe.

Je, imesaidia? Watafiti waliochunguza miji mitano mikubwa kati ya 2001 na 2005 waliona mauaji ya risasi yakipungua, wakakadiria kuwa watu zaidi ya 4,500 waliokolewa. Hatudai kwamba ni kwa sababu ya umri peke yake. Masharti yote yalikwenda pamoja. Baadaye usimamizi ulipolegea, mauaji hayo yaliongezeka tena. Sheria isiyosimamiwa ni karatasi tu.

Tena, sharti la umri humzuia kijana kupata leseni, lakini halimzuii kufungua kabati la baba yake. Ndiyo maana sheria hiyo humtaka mwenye silaha aifungie katika sefu. Hapo ndipo kazi ya polisi inapokutana na malezi ya nyumbani.

Maswali ya kujadili katika kamati (someni kwanza Isaya 2:1-5):

1. Sheria ya nchi yetu inasemaje kuhusu umri? Mwalikeni afisa wa polisi awaeleze.
2. Katika nyumba zenye silaha halali, ufunguo anao nani?
3. Vijana wetu wanaona nini kwa wanaobeba bunduki: heshima, au hofu?

Tunawaomba mtuandikie majibu yenu.