Kiti Kimefika, Sasa Kifungwe

Wadogo zangu, leo namjibu mdogo wetu mmoja wa Mnyuzi, kule Korogwe, lakini yeyote mwenye mtoto mdogo na safari mbele yake asogee tusikilizane.

Habari yake ni hii. Ana mtoto wa miezi saba. Mumewe amenunua gari la mtumba, IST, lililotoka Japani, na wifi yake aliyeko Dubai amewaletea kiti cha mtoto cha gari. Kiti kimefika bila kitabu cha maelekezo, kwa hiyo kimewekwa sebuleni na mtoto anakalishwa humo akilishwa uji. Mwisho wa mwezi wana harusi Dar es Salaam. Mama mkwe ameshasema mjukuu atapakatwa na yeye mwenyewe, hayo madude ya plastiki hayajui. Mdogo wangu anauliza mawili: kiti kinafungwaje, na bibi anaambiwaje?

Tuanze na bibi, maana bibi akikataa, hata ukijua kufunga kiti namna gani, kitabaki sebuleni.

Mama mkwe wako amelea watoto kwa mikono ile ile na wote wamekua. Usibishane naye kuhusu malezi, hapo atakushinda. Zungumzia gari. Likienda kilomita 50 kwa saa, mwendo ule ule wa kwenye vibao vya vijijini, likagonga na kusimama ghafla, kila kisichofungwa ndani kinaendelea kwenda mbele. Mtoto wa kilo nane anavuta mikono ya anayempakata kwa uzito unaopita kilo 100. Ni sawa na kumwambia bibi adake mifuko miwili ya saruji kwa mpigo mmoja. Hakuna mwenye mikono hiyo, awe bibi, awe baba mtu, awe bondia. Na bibi asiyefunga mkanda anaweza kumwangukia mjukuu kwa uzito wake wote. Msije mkadhani dawa ni kuwafunga wote wawili mkanda mmoja. Hapo mtoto anabanwa kati ya mkanda na mwili wa mtu mzima.

Na njia yenyewe mnaijua. Segera, Kabuku, Mkata mpaka Chalinze ni malori na mabasi ya kaskazini usiku na mchana. Februari 2023, pale Magila Gereza, Korogwe, Coaster ya wafiwa waliokuwa wakipeleka maiti Moshi iligongana na Fuso usiku, wakafa watu wengi. Mtu wa Korogwe hahitaji kusimuliwa na mimi.

Sasa kuna jambo linanichekesha na kunisikitisha pamoja. Gari lenu limetoka Japani, ambako tangu Aprili 2000 mtoto wa chini ya miaka sita lazima awekwe kwenye kiti chake. Kiti kimetoka Falme za Kiarabu, ambako tangu Julai 2017 mtoto wa hadi miaka minne akikutwa bila kiti, dereva analipa faini ya dirham 400. Vimekutana Mnyuzi, na kwetu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 kwa muda mrefu imeshughulika na mkanda wa dereva na wa abiria wa mbele, mtoto haikumtajia kiti. Kwa hiyo usitegemee trafiki ndiye akukumbushe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kiti kinachotumika ipasavyo kinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwenye ajali kwa karibu asilimia 70. Hilo neno "ipasavyo" ndilo lililoniketisha hapa, kwa sababu kiti kilichowekwa tu juu ya siti bila kukazwa, nacho kinaruka na mtoto ndani yake.

Nani amwambie bibi? Mwanawe. Mdogo wangu, usijipeleke mbele kwenye hili. Mumeo akae na mama yake jioni, amweleze kwa heshima, na ampe nafasi yake: "Mama, wewe ndiye utakayekaa naye nyuma, ubavuni mwake. Ukimwimbia atalala, akilia utamwona." Bibi anayepewa kazi hagombani. Anayepokonywa mjukuu ndiye anayenuna mpaka Chalinze.

Haya, tushike kiti.

Kigeuze chini juu kwanza. Tafuta karatasi ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara. Hiyo ni alama kwamba kimepimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, namba 44 au 129. Kwenye namba 44 utaona kilo zinazokubalika, kwenye 129 utaona urefu wa mtoto kwa sentimita. Vya Marekani havina hiyo E, vina maandishi yao marefu ya Kiingereza. Kwenye plastiki ya chini tafuta mwaka kilipotengenezwa. Watengenezaji wengi wanakipa kiti kati ya miaka sita na kumi, kwa sababu plastiki huchoka na kupoteza nguvu. Pitisha vidole kila kona ukitafuta ufa, vuta mikanda uone kama haijachanika. Kisha soma jina na namba ya kiti, uziandike kwenye simu. Kampuni nyingi zimeweka vitabu vyao mtandaoni, na kitabu kina picha hata kama lugha itakupiga chenga.

Swali moja muulize wifi bila kuona haya: kiti hiki kiliwahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali? Kama ndiyo, kikatwe mikanda kitupwe. Ufa mwingine uko ndani, macho hayauoni. Na wanaonunua kwenye mtumba, kama muuzaji hajui kiti kimetoka wapi, kipiteni hata kikiwa kizuri namna gani.

Mtoto wa miezi saba anatazama nyuma. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanataka amwone mama. Kichwa cha mtoto ni kizito ukilinganisha na mwili wake na shingo bado laini. Akitazama mbele, gari likisimama ghafla mwili unashikwa na mikanda, kichwa kinaruka peke yake. Akitazama nyuma, mgongo wote na kichwa vinapokewa na kiti. Kanuni namba 129 inataka atazame nyuma mpaka angalau miezi 15, na madaktari wa watoto wanashauri zaidi ya hapo, mpaka afikie kikomo cha kilo au urefu wa kiti chenyewe. Miguu yake itajikunja, na haina shida. Mtoto mwenyewe ndivyo anavyopenda kukaa.

Kiwekwe wapi? Siti ya nyuma. Siti ya mbele ina mfuko wa hewa, ule mafundi wanaouita eabegi. Utaona herufi SRS kwenye dashibodi. Unafumuka kwa nguvu kubwa, na ukikuta mgongo wa kiti kinachotazama nyuma unaweza kumuua mtoto kwenye ajali ambayo angetoka mzima. Katikati ya siti ya nyuma pangekuwa pazuri, lakini kwenye magari mengi ya zamani pana mkanda wa kiunoni tu, na viti vingi vinadai mkanda wenye bega. Basi chagua upande wa kushoto, nyuma ya abiria wa mbele. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo mkisimama utamshusha mtoto upande wa majani, malori yakipita upande wa pili.

Sasa papasa kwa vidole pale mgongo wa siti unapokutana na kalio lake. Ukigusa vyuma viwili vigumu vilivyojificha, hiyo ni ISOFIX. Kama kiti chako nacho kina mikono miwili ya chuma, sukuma mpaka kila upande ulie na alama zake zigeuke kijani. Umemaliza sehemu ngumu.

Kama hakuna vyuma, tunatumia mkanda wa gari, na ukifungwa vizuri haupungui kitu. Kiti cha Ulaya kina alama za rangi pembeni: bluu ni njia ya mkanda mtoto akitazama nyuma, nyekundu akitazama mbele. Fuata bluu. Pitisha mkanda usijisokote, chomeka mpaka ulie. Kisha fanya hivi: vuta ule mkanda wa bega taratibu mpaka utoke wote, halafu uachie urudi. Kwenye magari mengi ya Kijapani utausikia unarudi tik-tik-tik, na ukijaribu kuuvuta tena hautoki. Mfumo huo umewekwa pale makusudi kwa ajili ya kiti cha mtoto. Gari lisipokuwa nao, tafuta kibanio kwenye kiti chenyewe. Sasa weka goti ndani ya kiti, gandamiza kwa uzito wako, na mkono mwingine uvute mkanda umeze ulegevu wote. Usiwe na huruma.

Jaribu. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia, mbele na nyuma. Kikisogea zaidi ya inchi moja, fungua uanze upya. Usikijaribu kwa kushika juu kichwani. Kinachotazama nyuma lazima kitikisike juu kidogo. Kisha angalia mlalo wake. Viti vingi vina mstari ubavuni unaotakiwa kulala sawa na ardhi, kwa hiyo egesha gari pasipo mteremko ndipo upime. Kikisimama mno, kichwa cha mtoto kitaanguka kifuani na pumzi itabana.

Mtoto aingie. Mgongo na makalio vigote nyuma kabisa. Mikanda ya mabega itokee sawa na mabega au chini yake kidogo. Siku atakapogeuzwa kutazama mbele, itokee sawa na mabega au juu yake. Kaza, kisha jaribu kuukunja mkanda begani kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo wa kushika, bado umelegea. Kama kuna kibanio cha kifuani, kikae usawa wa kwapa, kisishuke tumboni.

Wale wa kupanda Lushoto kwenye baridi mnaowavalisha watoto masweta mawili na shali: fungeni mtoto akiwa na nguo nyepesi, halafu mfunikeni kanga au blanketi juu ya mikanda. Sufu nene inakudanganya kwamba mkanda umekaza, kumbe umekaza sweta. Wala msimwekee mto wala taulo mgongoni ambavyo havikuja na kiti.

Kwenye safari yenyewe nina machache. Mkitoka Mnyuzi najua hamtoki mikono mitupu. Kutakuwa na nazi, machungwa, labda mkungu wa ndizi. Vyote vikae chini kwenye buti, visipande juu ya mgongo wa siti. Nazi moja nyuma ya kichwa cha mtoto ni jiwe. Simameni kila baada ya saa mbili hivi, mtoto atolewe ajinyooshe, anyonye nje ya kiti. Akilia njiani, simamisheni gari kwanza ndipo umtoe; usimfungue likiwa linakwenda hata kwa dakika mbili za kunyonyesha, maana ajali haisubiri ushibe. Na jua letu mnalijua: kabla hujamkalisha, gusa vile vyuma vya mkanda kwa mgongo wa mkono, vinaunguza. Kumwacha peke yake garini "nanunua maji tu" hakuna, dirisha liwe wazi au limefungwa.

Nanyi msio na gari msinione nimewasahau, najua ndio wengi. Kwenye mchomoko, yale magari madogo ya kubeba abiria, au teksi, mtoto asipakatwe siti ya mbele, na kabisa asikae kwenye mapaja ya dereva. Chagueni safari ya mchana, na dereva anayekimbia aambiwe. Nauli umelipa, sauti unayo. Na anayekuja nyumbani sikukuu kutoka mjini na gari lake, aombwe mapema aje na kiti cha kuazima.

Mwisho, mdogo wangu, kazi hii usimwachie mumeo wala fundi peke yake. Ifanye kwa mikono yako wiki hii, kifunge na kukifungua uani mpaka vidole vizoee, kwa sababu siku ya kurudi kutoka harusini huenda kiti kikahamishiwa gari la shemeji na wewe ndiye utakayekuwepo. Na mtoto akishakua kiti kikawa kidogo, usikipeleke sokoni kimya kimya. Andika kwa kalamu ya wino mzito chini yake mwaka kilipotengenezwa, na kama hakijawahi kupata ajali andika hivyo pia. Atakayekipokea baada yako atakuwa na la kusoma.

Harusi njema, na shikamoo yangu mfikishie bibi.

Ni mimi dada yenu.