Ritifaa na Majina ya Safuwima katika Hifadhidata za Msamiati wa Kiswahili

Makala haya yanachunguza suala la alama ambalo huonekana dogo lakini huweza kuharibu data ya kileksikografia: namna ya kutenganisha jina la safuwima na neno lililohifadhiwa ndani yake, pale mtafiti anapoiuliza hifadhidata kwa lugha ya SQL.

Kanuni ya kiwango cha SQL cha 1992 ni bayana. Jina la safuwima, likihitaji kulindwa, hufungwa kwa alama za mtajo. Neno linalotafutwa hufungwa kwa ritifaa. Kwa mfano:

SELECT "ngeli" FROM vidahizo WHERE neno = 'ng''ombe'

Ulizo hili huomba ngeli ya kidahizo ng'ombe. Ritifaa ya ng' imerudufiwa kwa sababu, ikiandikwa mara moja, kompyuta huchukulia kuwa neno limekomea kwenye ng, na sehemu iliyosalia huvuruga sintaksia. Wako wanaokwepa tatizo hili kwa kutumia ritifaa iliyopinda ya wapiga chapa. Dawa hiyo huzaa ugonjwa mwingine, maana kwa kompyuta ng'ombe na ng’ombe ni maneno mawili tofauti, na anayetafuta moja hatalipata la pili. Njia salama zaidi ni kuipa programu neno kama kigezo kilichotengwa na matini ya ulizo.

Kosa la kutisha, hata hivyo, ni lile lisilopiga kelele. MySQL, isiporekebishwa, huzichukua alama za mtajo kuwa mipaka ya neno, si ya jina. Majina hulindwa kwa alama ya `. Hivyo ulizo lililo hapo juu halirudishi ngeli yoyote, bali neno lenyewe "ngeli" katika kila mstari wa jibu. PostgreSQL hufuata kiwango, na jina lisilokuwapo, tuseme "ngeri", hukataliwa papo hapo. Mtafiti aliyezoea mfumo mmoja akihamia mwingine anaweza kuhesabu matokeo ya uongo bila kuonywa.

Kuhusu herufi kubwa, itoshe kusema kwamba PostgreSQL hugeuza jina lisilofungwa kuwa herufi ndogo, ilhali Oracle huligeuza kuwa herufi kubwa. Safuwima iliyoundwa kwa jina "Ngeli" italazimu alama za mtajo katika kila ulizo, katika mifumo yote miwili. Anayeiita ngeli tangu mwanzo, bila alama, hana haja nazo.