Majani ya Sungura Yanyauke Kwanza

Mkulima wa Kinangop hakosi kabichi, na watoto wake hupenda kuwatupia sungura majani yake asubuhi, yakiwa bado na umande. Baadaye sungura huvimba tumbo na kuhara, na watu husema ni ugonjwa umeingia. Kagua chakula kwanza. Sungura hawezi kutapika. Alichokula kikimdhuru, hubaki nacho tumboni.

Kata majani jioni, uyatandaze kivulini juu ya gunia. Usiyarundike, kwa sababu rundo hupata joto na kuchacha. Asubuhi yakiwa yamelegea, wape kidogo. Nyasi kavu zisikosekane kibandani mchana na usiku: hizo ndizo chakula chenyewe, kabichi na sukuma wiki ni kitoweo tu. Sungura wadogo walioachishwa kunyonya karibuni wasipewe kabichi.

Majani ya viazi yana sumu, na ya nyanya vilevile. Waonyeshe watoto wayajue. Shamba likipigwa dawa ya wadudu, usichume kitu humo mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Maji safi yawepo kila siku, hata majani yakiwa mengi. Mabaki yazolewe jioni.