Mapumziko Kando ya Ziwa

Wengi wetu twaenda kambini kando ya ziwa tangu Ijumaa jioni hata Jumapili, ili tupumzike na kuomba. Basi na tutazame Marko 6:30–46. Mitume walikuwa wamechoka, hata kula hawakupata nafasi. Bwana akawachukua mashuani mpaka mahali pasipo watu. Lakini watu wakakimbia kwa miguu, wakawatangulia! Ziwa la Galilaya lina urefu wa kilomita 21 tu; asimamaye ufuoni huona mashua iendako. Bwana hakuwafukuza. Aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha. Ndipo akaagana nao, akapanda mlimani kuomba. Maombi yalikawia, hayakuachwa. Nasi je! Mtoto akija kambini Jumamosi usiku, kwamba mamaye ni mgonjwa, tumwambie arudi Jumatatu?