Siku 50 za Pasaka Kando ya Ziwa Tanganyika: Mafunzo Niliyopata

Kwetu Wakatoliki, Pasaka si Jumapili moja. Ni kipindi cha siku 50, tangu Ufufuko hadi Pentekoste. Kukiishi kipindi hicho Kigoma kumenifunza haya.

1. Kanisa na mvuvi huhesabu kwa mwezi mmoja

Pasaka huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikitanda hawazifuati. Ndiyo maana Mkesha wa Pasaka huwakuta wavuvi wengi wa mwalo wetu wa Kibirizi wako nchi kavu. Baba ambaye usiku mwingine angekuwa ziwani yuko kanisani na wanawe, kila mmoja na mshumaa wake. Mfuko umepungua, lakini familia imetimia.

2. Njaa ya mtu huulizwa kwanza

Ijumaa ya Oktava, yaani siku nane za kwanza za Pasaka, husomwa Yohane 21. Mitume wamekesha ziwani bila kupata kitu. Asubuhi Yesu yuko ufukweni, anaulizia kitoweo. Kabla ya kumuuliza Petro juu ya upendo, amekwisha kuwalisha samaki wa makaa. Anayeijua harufu ya mgebuka ukichomwa mwaloni hahitaji mahubiri marefu hapo. Nami siku hizi siendi kumfariji mtu mikono mitupu.

3. Sikukuu haina ua

Mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwaka 1879, wakaukuta mji wa biashara wenye Waislamu. Hadi leo Waislamu ndio wengi Ujiji, nasi ni majirani. Pasaka sahani ya pilau huenda kwao; Idi huja kwetu. Watoto wanaobeba sahani hizo hujifunza ujirani mapema.

4. Kudumu katika furaha ni kazi

Kwaresima tunaibeba kwa bidii, lakini Pasaka wengi huimaliza Jumatatu. Kanisa haliimalizi: mshumaa wa Pasaka hubaki karibu na altare, na Malkia wa Mbingu husaliwa badala ya Malaika wa Bwana hadi Pentekoste. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi Mei 15, kwa miezi 3. Pentekoste ikawa Mei 19. Tuliimba Aleluya huku kazi imesimama, nikaona kwamba wimbo huo si wa walioshiba tu.

Basi, kwa kuwa Pasaka ni siku 50, aliyebatizwa usiku wa Mkesha asiachwe baada ya picha na vigelegele. Mtembelee wiki ya tano, shamrashamra zikiwa zimekwisha. Wakati huo ndipo anapohitaji ndugu.