Baba Yuko Vitani: Mtoto Aambiwe Nini?

SWALI: Mume wangu ni askari, yuko Kongo ya mashariki. Mwanetu wa miaka sita kila magharibi huketi kizingitini akimngoja. Nimwambie baba yuko safarini tu? — Mama wa Mbagala, Temeke.

JIBU: Binti yangu, usimfiche. Tangu mwaka 2013, wanajeshi wetu walipojiunga na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi katika kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Kongo, nyumba nyingi zimeuonja upweke huo, kama zilivyouonja zile za mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza vita dhidi ya Idi Amin na waume wakaenda Kagera, wasirejee ila baada ya miezi mingi. Mtoto aliyedanganywa, siku akiisikia hakika barazani kwa jirani, hupoteza imani hata kwa mamaye, na hiyo ndiyo hasara niiogopayo zaidi. Mwambie: baba ni askari, yuko mbali, anatukumbuka. Siku ya kurudi usiiahidi, maana amri si yake. Baba akipiga simu, mtoto aanze yeye kuzungumza. Nawe usijifungie ndani na huzuni. Tafadhali mwite wifi yako au mama aje alale nanyi.