Somo la bunduki ya fataki: muuzaji aiache ijaribiwe

Mtu wa Sange akienda kununua mbuzi, humfungua kinywa na kutazama meno. Akinunua jembe, huligonga kwa jiwe asikie mlio wake. Akinunua mbegu za mpunga, huzimwaga majini aone zinazoelea. Lakini akinunua bunduki kuukuu kwa mwenzake, kitu kinachoweza kumtoa jicho, huiweka begani mara moja, husifu mti wake mzuri, kisha hutoa fedha.

Tunasema habari za bunduki inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni na kuvikwa fataki nyuma. Wengine huiita pistoni. Nguruwe wa porini na nyani wanamaliza mihogo, na huko nyuma ya machimbo ya Kamituga na Lugushwa wachimbaji hununua nyama. Kwa hiyo bunduki hizi hutoka kwa mtu hata kwa mtu. Bunduki za vita hazimo katika somo hili. Hizo haziuzwi wala hazijaribiwi; hupelekwa serikalini.

Jambo la kwanza ni ruhusa. Katika Kongo sheria ya silaha ya 3 Septemba 1985 haimwachi mtu kuwa na bunduki bila kibali. Basi muuzaji na mnunuzi waende kwanza kwa wakubwa wa serikali, wote wawili, na kuuliza tena mahali pa kujaribia na saa yake. Hili si neno la karatasi tu. Katika bonde la Ruzizi, tangu vita vya 1996, mlio wa bunduki humfanya mama abebe mtoto mgongoni na kukimbia. Mutarule ni karibu, na watu hawajasahau usiku ule wa Juni 2014. Mkipiga bila watu kuambiwa, mmefanya vibaya hata kama bunduki ni nzima. Kama ruhusa haikupatikana, hakuna jaribio, wala hakuna biashara.

Sasa tujue bunduki hizi zimetoka wapi. Katika mapatano ya Brussels ya 2 Julai 1890, mataifa yalikataza bunduki za namna mpya kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika. Yakaacha zile za gumegume, zenye kasiba laini ndani, na baruti ya kawaida. Baadaye za fataki nazo zikaenea kwetu. Nyingi zilifanywa Liège, katika Ubelgiji. Mji ule ulikuwa na amri tangu 1672 ya kujaribu kasiba kabla ya kuuzwa: hutiwa baruti kupita kiasi cha kila siku, hupigwa, kisha hukaguliwa. Iliyopona hupigwa chapa. Ukiona juu ya chuma herufi E, L na G ndani ya umbo la yai, ndiyo chapa hiyo. Na tangu 1893 imewekewa taji juu yake.

Muuzaji atakuonyesha chapa hiyo na kusema, “Mwanangu, hii imejaribiwa Ulaya. Baba yangu aliua nyati kwa hii.” Umjibu kwa heshima, “Ndiyo, mzee, lakini aliua mwaka gani?” Chapa inasema kwamba kasiba ilikuwa nzima siku ilipotoka kiwandani. Haijui miaka ya mvua iliyopita tangu siku ile. Majivu ya baruti hunyonya maji ya hewani, na kasiba isiyooshwa huliwa na kutu kwa ndani, mahali jicho lisipofika.

Kuna na bunduki zilizofuliwa na wahunzi wetu kwa mabomba ya maji. Bomba la maji lina mshono toka mwisho hata mwisho, tena halikufanywa kwa kuzuia moto wa baruti. Hiyo usiijaribu kabisa. Usiinunue hata kwa bei ya kuku.

Kabla ya kupiga, ikagueni mkiwa wawili. Hakikisheni kwamba hakuna fataki juu ya kifa, yaani kile chuma kidogo chenye tundu kinachovikwa fataki. Ingizeni mdeki mpaka ukome, mtie alama penye mdomo wa kasiba. Utoeni, muulaze kando ya kasiba kwa nje. Kama ncha haifiki karibu na kifa, ndani mna kitu: udongo wa nyigu, au baruti na risasi zilizoachwa tangu mwaka jana. Bunduki nyingi hupasuka kwa sababu hii moja, mtu ameshindilia juu ya mashindilio ya zamani. Kama kitu kimo, acheni. Aitwe mtu anayejua kukitoa.

Ikiwa tupu, ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe. Ondoeni kasiba katika mti wake, itundikeni kwa kamba, igongeni polepole. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hulia kama chungu kilichopasuka. Zibeni kifa, jazeni maji, mngoje: chuma kikitoka jasho mahali fulani, biashara imekwisha. Tena inueni nyundo nusu na kuvuta kifyatulio. Nyundo ikianguka, mtambo umelika, nayo itampiga mtu njiani.

Nimewasikia watu wakisema, “Tuijaze baruti mara mbili, ikivumilia, ni nzuri.” Hapana. Wale wa Liège walikuwa na vyombo vya kupimia kama kasiba imevimba baada ya mshindo, sisi hatuna. Kasiba dhaifu inaweza kuvumilia mshindo mkubwa leo, ikapata ufa mdogo kama unywele, na kupasuka mwezi ujao kwa mshindo wa kawaida, usoni pa mnunuzi. Jaribio la namna hiyo limeharibu kitu lililotaka kukipima. Tieni kiasi kile kile cha kuwindia, basi.

Wala asiipige mtu begani, si muuzaji, si mnunuzi. Ifungeni imara juu ya gogo, mdomo ukielekea ukingo mrefu wa udongo. Kifyatulio kifungwe kamba ndefu, na mvutaji ajifiche nyuma ya mti mnene au shimoni. Fataki ivikwe mwisho kabisa, watu wote wakiwa wamekwisha kuondoka. Baruti iliyobaki iwe mbali, imefunikwa, na asiwepo mwenye tumbaku.

Watazamaji wafukuzwe, hasa watoto. Sange haina haja ya kufundishwa neno hili. Tarehe 2 Julai 2010 gari la petroli lilianguka barabarani, watu wakasogea, na moto ukaua zaidi ya mia mbili, pamoja na waliokuwa wamekaa ndani wakitazama mpira.

Fataki ikilia na bunduki isitoke, kaeni mlipo. Moto unaweza kulala ndani ya baruti yenye unyevu, kisha kuamka. Ngojeni muda mrefu, na asichungulie mtu mdomoni mwa kasiba. Ikitoka vizuri, ikagueni upya, mdeki na kengele na maji, kisha mpige ya pili na ya tatu kwa namna ile ile. Mshindo mmoja hausemi mengi.

Sasa neno linaloleta ugomvi: ikipasuka katika kujaribiwa, hasara ya nani? Mpatane kabla, mbele ya mashahidi. Mimi nasema ni ya muuzaji, kwa kuwa fedha hazijatoka na bunduki bado ni yake. Tena ingepasuka tu, ila mikononi mwa mtu. Mnunuzi naye alipe baruti na fataki za jaribio, hata asiponunua. Na muuzaji akikataa isijaribiwe, usimwite mwongo. Mwage kwa salamu, urudi shambani kwako na fedha zako.

Bunduki ikiisha kupigwa ioshwe siku ile ile kwa maji ya moto, ikaushwe, ipakwe mafuta yasiyo na chumvi. Kazi hiyo ni ya muuzaji mpaka fedha zihesabiwe. Baada ya hapo ni ya mnunuzi, naye asingoje kesho.